Reli ya Shemeji Katika Chumba cha Uani

Watu wa ukoo wetu wakisikia nimeandika habari za shemeji yangu, watauliza kwa nini nisiandike za kaka yake, marehemu mume wangu. Za mume wangu zinajulikana; picha yake bado imetundikwa ofisini alikofanya kazi. Za mdogo wake hazijulikani, na zilizosemwa mtaani nyingi hazikuwa za kweli. Mimi naziandika zilivyokuwa.

Alikuwa mtu wa ishara za reli. Tangu ujana mpaka kustaafu aliishi katika nyumba za shirika, kwenye vituo ambavyo treni nyingi hupita tu bila kusimama. Hakuoa. Posa moja ilikuwepo, lakini uhamisho ulikuja kabla ya harusi, na yule binti akasema yeye hakuposwa na ratiba ya treni. Shemeji alipenda kuisimulia habari hiyo kama kichekesho. Tukicheka, yeye huinama kufunga kamba za viatu.

Alipostaafu hakuwa na kwake, nikamwita. Nisingekubali mtoto wa mama mkwe wangu apange kwa watu baki huku nyumba ya kaka yake ina vyumba visivyo na mtu. Wanangu walikuwa kwao, mbali. Humu ndani tulibaki mimi na saa ya ukutani. Akaja na sanduku moja la bati.

"Nakaa mpaka nipate chumba, shemeji."

Nikampa chumba cha uani, chenye mlango wake na dirisha linalotazama kichochoro, ili asipatikane wa kusema neno.

Wasemaji hawakosekani. Ng'ambo ya kichochoro, barazani, hushona fundi cherehani tunayemwita Mama Vifungo. Vifungo vyote alivyoshona, hakubakiza hata kimoja cha mdomo wake. Siku shemeji alipoleta mbao kwa mkokoteni, mama huyo alinisubiri getini.

"Mwalimu, naona mbao zinaingia. Kitanda hicho?"

"Si kitanda."

"Maana kwa urefu ule, mh, si cha mtu mmoja."

"Ni fremu ya kubebea reli. Shemeji anatengeneza reli ndogo, ya treni za kuchezea."

"Treni za kuchezea, na mvi zile?"

"Na wewe na mvi zako, mbona unachezea majina ya watu?"

Akacheka mpaka akazitema pini alizokuwa amezibana mdomoni. Nikaongeza kwa sauti ya darasani, mtaa mzima usikie: "Tena huyo ni mgeni. Anapita tu." Ndivyo mjane anavyotakiwa kusema, na nilisema vizuri.

Kazi ikaanza. Nilidhani itakuwa meza, ubao na miguu minne. Kumbe kinachobeba reli hakina uso. Ni kama ngazi iliyolazwa: mbao mbili ndefu, vipande vifupi vinavyozivuka, kisha miguu. Uso huja baadaye. Ngazi zilikuwa tatu, nyembamba, za kupanga kufuata kuta, nazo alizinyanyua juu kwenye miguu mirefu ili mtu aliyesimama aitazame treni usawa wa kifua. Sakafu ya chumba kile imeinama kuelekea mlangoni, makusudi, maji ya kudeki yatoke. Kwa hiyo chini ya kila mguu alitia boliti ya kuzungusha, mguu urefuke au ufupike. Aliweka pima maji juu, akazungusha, akatazama kile kipovu cha ndani yake kama kimekaa katikati, akazungusha tena.

Nilimpelekea chai nikaketi kwenye kigoda mlangoni, mlango wazi. Moyoni nilifurahi. Nilijiambia mtu hanunui mbao zote zile kama ana nia ya kuondoka. Sikumwambia, hayo si maneno ya kumwambia shemeji.

Halafu nikamwona akiibeba ngazi ya kwanza mpaka nje uani, akairudisha ndani.

"Unaipeleka wapi?"

"Naangalia tu kama inapita mlangoni."

Ya pili akaifanya hivyo hivyo. Ndipo nikatazama vizuri. Kati ya ngazi na ngazi hapakuwa na gundi wala msumari. Zilishikana kwa boliti na nati za kufunguliwa kwa vidole. Na hapana hata moja iliyogusa ukuta. Zote aliziachia nafasi ya kupitisha kiganja.

Alipomaliza kuziunga, akaisukuma fremu kidogo. Ikayumba kama mlevi.

"Hii inataka kushikwa ukutani," nikasema.

"Inataka."

"Basi?"

"Nitaipanua. Ikiwa pana itasimama yenyewe."

"Ukiipanua, utalala wapi?"

Akatazama kitanda, akatazama fremu. "Chini yake. Nimelala kwenye behewa la mizigo mimi, shemeji. Chini ya meza ni hoteli."

Sikucheka. "Ukuta umekukosea nini?"

"Ukuta ni wa watu." Akanieleza kwamba katika nyumba za shirika hupigilii msumari. Uhamisho ukija unapewa behewa, na kisichopita mlango wa behewa unakiacha. Kalenda yake, maisha yake yote, aliitundika kwenye komeo la dirisha. Kisha, akikaza nati iliyokuwa imekwisha kukazwa, akasema, "Na hapa napita tu. Nilisikia."

Dirisha lake lilikuwa wazi siku ile.

"Sikulaumu, shemeji. Watu wanasema. Nimeona chumba kule nyuma ya kituo cha mabasi, mwenyewe anataka jibu kesho. Nikienda, jina lako linabaki safi."

Nilirudi jikoni nikaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Jina hilo la ukoo nimelilinda tangu siku nilipoingia nyumba hii. Lakini mimi nimelipata kwa kuolewa. Yeye amezaliwa nalo. Nilinde jina kwa kumtoa mwenye jina nje?

Nikajifuta mikono, nikavuka kichochoro.

"Mama Vifungo, njoo."

"Kuna nini tena?"

"Kuna mguu wa fremu wa kushika."

Alikuja na utepe wake wa kupimia shingoni, macho yakimtangulia. Shemeji alipotuona wawili mlangoni alisimama wima kama amekuja mkaguzi.

"Toboa ukuta, shemeji."

"Shemeji, mimi..."

"Shahidi huyu hapa. Nyumba hii ni ya ukoo wako. Kama kuna aliyekuja akaikuta, ni mimi. Toboa."

"Toboa, baba," akasema Mama Vifungo, "nina gauni la watu linaningoja."

Akachukua drili yake ya mkono. Ilimchukua muda kuiweka ncha ukutani, mtu aliyeshika mitambo mizito ujana wake wote. Vumbi la plasta likamwagikia Mama Vifungo kichwani, naye akaitazama ile fremu kama mtu aliyedhulumiwa.

"Kwa hiyo kweli si kitanda."

Alishikiza ngazi ya chini ya dirisha. Nikamwambia na hizi mbili. Akatikisa kichwa. "Hizi zitajishikiza kwa mwenzao. Ukuta mmoja unatosha, shemeji."

Chumba cha kituo cha mabasi hakukichukua. Treni ndogo ya umeme aliletewa na mwanangu. Ilitoka pembe hii ikafika pembe ile, ikarudi kinyumenyume, na katikati palikuwa na kituo kimoja. Mama Vifungo alitaka kumshonea abiria wa vitambaa. "Vituo vyangu havikuwa na watu, mama," akamjibu. Jioni nilikaa kwenye kigoda changu, yeye upande wa pili wa chumba, treni ikienda kwake na kurudi kwangu. Ikifika kituoni aliinua mkono, basi.

Alifariki msimu wa mvua. Vijana wa ukoo walikuja kutoa vitu vyake chumbani. Ngazi mbili walizifungua kwa vidole, zikapita mlangoni bila kugusa fremu ya mlango. Ya tatu wakasema imeshika, wakiing'oa wataharibu ukuta. Nikawaambia waiache.

Asubuhi nafungua chumba cha uani, naifuta vumbi. Nikiisukuma, haiyumbi.