Hodi kwenye Mlango wa Kufuli Mbili

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mama Chimène ni kwamba alipiga hodi kwenye duka tupu. Muuza sabuni aliyepoteza funguo yake alikuwa amesimama kando yake, na sote tulijua kuwa ndani hamna mtu. Hata hivyo Mama Chimène, fundi wa kufuli, aliweka mfuko chini, akagonga, akasema, "Hodi!" Muuza sabuni akacheka, akajibu, "Karibu, mama." Ndipo alipopiga magoti na kuingiza waya kwenye tundu la serire, ile kufuli ya mlango.

Ndivyo anavyofanya kazi hapa Salamabila. Hafungui mlango mpaka mwenyewe ajibu karibu, majirani wakisikia. Mgeni akijibia duka lisilo lake, majirani hawatanyamaza.

Alizaliwa Wamaza, kwa baba mhunzi wa majembe, na funguo yake ya kwanza aliichonga kwa tupa ya baba. Leo serire zake ziko kwenye maduka, kwenye famasi, hata kwenye vyumba vya wanunuzi wa dhahabu. Biashara ya watu wawili huiwekea kufuli mbili, kila mshirika na funguo yake, ili mmoja asiingie bila mwenzake.

Mwaka huu alikuwa na hamu moja kubwa: kutengeneza mlango wa depo mpya ya wakulima, ghala lao la mazao kule Kabambare, mlango wa chuma, wenye kufuli tatu na watunza funguo watatu. Aliyepewa jukumu la kuchagua fundi ni Bisimwa, mfanyabiashara wa maharagwe, na Bisimwa alikuwa bado anafikiri.

Asubuhi moja ya mvua, Bisimwa akaja mbio kumwita. Upepo ulikuwa umeng'oa bati la depo yake, na maji yalimwagikia magunia. Mshirika wake, Atumani, alikuwa Wamaza pamoja na funguo yake.

"Hodi!" akasema Mama Chimène mbele ya mlango.

"Karibu, karibu! Fungua, mama!" Bisimwa akajibu, huku akifungua kufuli yake mwenyewe.

"Ya kwako imejibu, papa. Ya Atumani je?"

"Maharagwe iko inaloa! Depo iko yetu wote wawili!"

"Ndiyo maana iko kufuli mbili. Mupigie simu."

Bisimwa akatazama matope. Yeye na Atumani hawakuwa wakisemezana tangu walipobishana nani atengeneze lile paa.

"Na ile kazi ya Kabambare," akauliza polepole, "unaitaka ao hauitaki?"

Mama Chimène akaushika mfuko wake kwa mikono miwili. "Naitaka sana, papa. Lakini nikikufungulia bila Atumani, kesho nitamufungulia Atumani bila wewe."

Jirani yao Marguerite, aliyekuwa akikaanga mikate chini ya turubai, akapaza sauti: "Papa Bisimwa, hasira haifuniki maharagwe! Piga simu!"

Akapiga. "Alo, Atumani... iko mimi. Bati imeenda."

Kicheko kikatoka kwenye simu. "Nilikuambia nini?"

"Uliniambia, ndugu yangu. Sema tu karibu."

"Hodi!" Mama Chimène akaiambia simu.

"Karibu, Mama Chimène! Na huyo kichwa ngumu umuambie apande juu na nyundo!"

Hata Bisimwa alicheka. Kufuli ya pili ikafunguka, tukabeba magunia hadi kwa Marguerite. Yaliyoloa yalikuwa machache, na jua lilipotoka tuliyaanika maharagwe yake juu ya turubai.

Jioni Bisimwa alimletea fundi sahani ya maharagwe. "Mama, umenikatalia mimi nikiwa nalia," akasema. "Mwizi atakuweza wapi? Enda Kabambare."

Sasa mlango wa chuma umesimama Kabambare, na matundu yake matatu ya kufuli bado yako wazi. Kufuli zinatoka Kasongo kwa pikipiki ya Joël, na barabara ni matope matupu. Ufunguzi ni Jumamosi. Atumani na Bisimwa wameshabishana nani atakaa mbele kwenye pikipiki ya kwenda huko, na watunza funguo wamefundishwa kuitikia pamoja. Mama Chimène anataka kusimama nje, apige hodi mbele ya watu wote, asikie "Karibu!" tatu kwa mara moja.

Kila pikipiki inaponguruma barabarani, anainuka na kufuta mikono kwenye kitenge. Hii ya sasa hivi haikuwa ya Joël. Amekaa tena, anapaka bawaba mafuta, sikio likiwa upande wa Kasongo.