Pa Kuegesha Nyuma ya Soko

Nilinunua gari langu dogo kwa ajili ya mama. Aliishi Kasokola, miguu ilikuwa inamsumbua, na kila mwezi nilimleta Mpanda mjini kliniki. Tukitoka huko tunapitia sokoni. Kero ilikuwa pa kuegesha gari.

Mtaa wa nyuma ya soko ni mashimo matupu. Kiangazi vumbi lake ni jekundu na laini kama unga, na upande mmoja kuna mtaro ambao mifuniko yake ya zege imechakaa. Kivuli ni kimoja tu, mbele ya duka la vitenge. Mwenye duka, mama wa makamo mwenye hijabu, alipanga mawe hapo kuzuia magari. Siku moja niliyasogeza. Akatoka, akaniambia kwa upole kuwa vumbi la magari linamharibia vitenge, na kwamba kila asubuhi anamwagia pale maji yeye mwenyewe. Nilimjibu kuwa barabara haikujengwa na baba yake. Tangu hapo hatukusalimiana.

Oktoba moja, saa saba mchana, nilikuwa narudi nyuma kukwepa shimo. Mfuniko ukavunjika, tairi likatumbukia mtaroni. Gari likalala upande aliokaa mama. Mlango wake ukagoma, na kioo chake kilikuwa kibovu siku nyingi. Nikatoka, nikamwona anahema kwa joto, macho yanamlegea. Mimi, mwalimu mzima niliyezoea kuamrisha darasa, nilisimama pale nalia.

Wa kwanza kufika alikuwa yule mama wa vitenge. Aliwaita mafundi cherehani wa jirani walishikilie gari, akaingia kwa mlango wangu, akamvuta mama taratibu mpaka nje. Akamlaza dukani kwake mbele ya feni. Kisha akachukua kitenge kipya, akakichovya majini na kumfunika nacho kichwa na shingo. Mama alipofumbua macho aliomba chai.

Nilimwomba radhi mwenye duka pale pale mlangoni.

"Mwalimu, maneno yako sijayasahau," alisema. "Ila mama wa mwenzio ni mama."

Mafundi walilinyanyua gari kwa mikono. Toka siku ile, kila siku ya kliniki alituachia nafasi, nami nikajifunza kuingia polepole. Mama akawa hamwiti jina lingine zaidi ya "binti yangu", na alimletea karanga za shambani kwake. Mtaa haujatengenezwa; bado naulalamikia.

Mwaka huu mama hawezi tena safari. Mwezi uliopita nilimkuta yule mama wa vitenge huko Kasokola, amefika kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa ameketi mkekani, anamkanda mama miguu, wanacheka jambo ambalo hawakutaka kuniambia. Nikaingia jikoni kuwapikia, nikimshukuru Mungu.