Jicho la Mke wa Kinyozi

Kinyozi aliniwekea wembe shingoni akaniuliza nimemfanya nini mke wake.

Mke wake alikuwa marehemu. Sikuwahi kukutana naye hata siku moja.

Na bado swali lilikuwa la haki kabisa.

Ngoja nianzie mwanzo, maana najua mmeshaanza kuwaza mabaya.

Mimi ni mchoraji. Zamani hizo nilichora kwa rangi za mafuta mwanamke anashona kifungo cha shati. Hakuwa mtu yeyote, nilimtoa kichwani. Mkono wake wa kulia, ule wenye sindano, ndio mkono bora niliowahi kuchora maishani mwangu. Naapa.

Tatizo jicho. La kushoto lilinikimbia, likaenda pembeni, kengeza la wazi. Lakini nilikuwa na njaa na duka la fremu lilikuwa linataka picha, nikaiuza hivyo hivyo.

Nikajua nimeachana nayo. Thubutu!

Mwaka jana kinyozi wangu alifunga duka, nikaingia kwa mwingine. Nakaa kitini, natazama kioo, naona ukutani nyuma yangu, juu ya benchi la wateja, mwanamke anashona kifungo. Jicho moja linanitazama, jingine lina safari zake.

"Hiyo nimechora mimi," nikasema.

Kinyozi akazima mashine. Akanizunguka, akanikagua kama mtu aliyeletewa mkwe.

"Kumbe ni wewe?"

Siku hiyo alininyoa bure.

"Lile jicho linanitia aibu," nikamwambia. "Niruhusu nilirekebishe."

"Liache. Liko sawa."

Nikajua ni ustaarabu tu. Mtu mstaarabu hamwambii msanii kwamba amekosea.

Tangu hapo sikuwa na raha. Kama hujawahi kufanya kazi ya mikono hutanielewa. Kosa lako linaning'inia ukutani, watu wanaingia, watu wanatoka, wewe unajiona unatembea uchi. Nikawa naenda kunyolewa kila wakati ili nikalikague.

Mke wangu akaanza.

"Ndevu zenyewe tatu, kwa kinyozi kila siku?"

"Kuna picha yangu pale."

"Ya mwanamke?"

"Ya mwanamke."

"Haya. Msalimie mke mwenzangu."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema ufanye nini ikiwa ufa wenyewe uko nyumbani kwa mtu mwingine.

Basi nikaenda na brashi ndogo mfukoni, rangi kidogo kwenye kopo la dawa ya viatu, na kichupa cha tapentaini. Kinyozi akanipaka povu, akanyoa upande mmoja, maji yakaisha.

"Nakuja, nachota nyuma."

Nikaruka juu ya benchi. Miguso miwili mitatu tu. Jicho likakaa, zuri, limetulia. Nikarudi kitini roho kwatu, nusu uso povu.

Akaingia na ndoo. Akachukua wembe, akaniinamia, akainua macho kwenye kioo.

Mkono ukasimama.

"Umemfanya nini mke wangu?"

"Mke wako yupi?"

"Huyo!"

Jamani. Mke wake alikuwa na kengeza tangu utotoni, na hakutaka kabisa kupigwa picha. Hata ya harusi alimpa mpiga picha kisogo. Kila picha aliyobaki nayo kinyozi ni ya shavu, au mkono umeziba uso. Alipofariki hakuacha sura yake popote. Ndipo siku moja kinyozi akapita duka la fremu, akamkuta dirishani ametulia, anashona kifungo.

"Jicho moja kwangu, jingine mlangoni," akaniambia. "Ndivyo alivyokuwa akikaa hapo kwenye benchi. Mteja hajaingia, yeye keshamwona. Sasa ananikodolea yote mawili, kama hakimu."

Sauti ikamkatika. Wembe ulikuwa bado shingoni, lakini sikuuogopa tena. Nilichoogopa ni kwamba mke wa mtu amekufa mara mbili, na mara ya pili ni mimi.

"Nitamrudisha," nikasema.

Akafunga mlango. Nikapanda benchi tena. Kuchora kengeza ni kazi gani? Mtu nimechora masoko mazima.

Jaribio la kwanza, akainamisha kichwa. "Huyo mlevi."

La pili. "Huyo anamchungulia jirani."

La tatu nikatoa ufundi wote, kivuli, mng'ao, kope moja moja. Akatazama sana.

"Huyo mzuri," akasema taratibu. "Ila simjui."

Kosa, ndugu zangu, haliigizwi. Ukilikusudia linakuwa kazi.

"Rangi ikikauka je?" akauliza.

"Ikikauka, basi tena."

Njia ilikuwepo. Rangi yangu ilikuwa mbichi, imekaa juu ya ile ya zamani iliyokauka siku nyingi. Pamba na tapentaini vingeitoa, ilimradi mtu asisugue sana akaondoka na vyote. Nilikuwa nalijua hilo tangu mwanzo. Lakini kuchora upya ni kazi ya fundi, na kufuta ni kukubali kwamba ufundi wangu wa leo ni uchafu na kosa langu la zamani ndilo picha. Hilo lilikuwa gumu kwangu, siwafichi.

Nikamtazama kinyozi. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha kunyolea, mikono mapajani, hataki hata kutazama ukutani.

"Nipe pamba," nikasema.

Nilifuta kama unavyomfuta mtoto tongo. Pamba ikatoka na jicho langu zuri. Nikabadilisha pamba, nikafuta tena, pumzi nimeibana.

"Huyo!" akapiga kelele kinyozi kabla sijashuka. "Huyo huyo!"

Akalia waziwazi, mtu mzima na aproni yake. Nami nikalia, povu limenikaukia shavuni.

Baadaye akamalizia upande uliobaki. Nikataka kujikosha kidogo.

"Lakini angalau mkono nilimpatia."

Wembe ukasita.

"Mkono?" akasema. "Mke wangu alikuwa hawezi kushona hata kifungo. Sindano alikuwa anaishika kama anashika nge. Huo mkono si wake kabisa."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nikuambie ili iweje? Nakuona kila ukija unavyoutazama. Nikasema basi, nimwachie na yeye kitu chake."

Kumbe wakati wote mimi najiona ndiye ninayeivumilia picha, mwenzangu ndiye aliyekuwa akinivumilia.

Nikanawa, nikaaga. Nilipofika mlangoni nikageuka. Jicho moja lilikuwa kwa mume wake. Lile jingine lilikuwa kwangu, linaangalia kama natoka kweli.

Nyumbani mke wangu akauliza, "Mke mwenzangu hajambo?"

"Hajambo. Ana mume wake."

Wasanii wenzangu, kazi ukishaiuza, kaisalimie ukitaka. Nyoa ndevu, sema kwaheri, ondoka. Brashi iache nyumbani.