Refa aliyemfukuza mdogo wake kwa kuchungulia

Saa nne asubuhi, mwanamke mnene mwenye mpini wa ufagio kwapani anainua mlango wa bati wa chumba chake na kuwasha televisheni ya kichogo. Picha inakuja kwa kujivuta. Anachomoa kaseti ya gemu kwenye mashine, anaipuliza, anairudisha. Inagoma. Anaipuliza tena, safari hii na matusi juu yake, na inakubali.

"Uzee huo," anasema. "Nayo inataka kubembelezwa."

Wateja wanamwita Refa, na hapa mtaani hakuna anayehangaika na jina jingine. Vyumba vya jirani vina skrini bapa na gemu za mpira. Chake kina gemu moja kongwe ya kufyatuliana risasi, ile ya kupita kwenye korido ukiona bunduki yako tu mbele yako. Wanaoipenda ni watu wazima: makuli, vinyozi, mwalimu mmoja anayekuja kwa kujiiba. Mechi moja ni bei ya soda. Siku njema Refa anapata cha kula na cha kodi. Siku mbaya anapata cha kula.

Wachezaji wanne hutumia televisheni hiyo moja, kila mmoja na robo yake ya skrini. Robo ya jirani iko hapo hapo, wazi, na ukiitupia jicho tu unajua amejificha wapi. Huko ndiko kuchungulia, na katika chumba hiki ni kosa kubwa kuliko kumtukania mtu mama yake. Refa husimama nyuma ya benchi akitazama shingo za watu. Shingo ikigeuka, mpini unagonga benchi. Ikigeuka tena, mtu anatoka.

"Hapa sina shemeji wala mjomba," anasema, na kwa sekunde chache anajivuna. Kisha uso unamshuka.

Mashine hii aliinunua pamoja na mdogo wake wa kiume, fundi cherehani. Mdogo mtu ndiye aliyemfundisha gemu yenyewe, na kwa miaka mingi hakuna aliyemuweza. Wateja walianza kunong'ona kwamba anabebwa na dada yake. Maneno hayo yalimuuma Refa kuliko alivyotaka kuonyesha.

Jumamosi moja, miaka mitatu iliyopita, chumba kikiwa kimefurika, shingo ya fundi cherehani iligeuka kushoto. Mpini ukagonga. Ikageuka tena.

"Ndugu wa refa ruksa!" kuli mmoja akapaza sauti, na watu wakaangua kicheko.

Refa akamjia juu mdogo wake na kumpokonya pedi ya kuchezea mikononi. "Nikamwambia, 'Mwizi wewe, toka! Usikanyage tena hapa.' Nilisema kwa nguvu ili wote wasikie. Hilo ndilo nililotaka, wasikie."

Mdogo wake hakuwa anachungulia. Jicho lake la kushoto lilikuwa linakufa. Presha ya jicho ilikuwa inalimaliza taratibu, bila maumivu, na yeye alikuwa anageuza shingo ili jicho la kulia limsaidie.

"Anayechungulia hushinda," Refa anasema, na sasa analia waziwazi mbele ya wateja wawili wanaojifanya hawaoni. "Yeye siku zile alikuwa anapigwa kila mechi. Kila mechi! Nimekodoa macho kwenye shingo, matokeo siyaoni. Kuna refa hapo?"

Fundi cherehani anaishi mitaa michache kutoka hapo, katika chumba kilichojaa vipande vya vitambaa. Anashona akiwa ameinamisha kichwa karibu na sindano. Ni mcheshi, ila ucheshi wake una pilipili.

"Mimi mwenyewe niliamini nachungulia," anasema. "Watu wazima wote wale waseme, mimi ni nani nibishe? Nikaona nina tabia mbaya. Basi nikajifunza kukaza shingo. Kwenye cherehani, barabarani, mezani. Nikanyooka kama askari wa gwaride. Mama akanisifia, eti siku hizi natembea kiume."

Kwa hiyo hakuna aliyegundua kitu, hadi mkokoteni uliokuja kushotoni kwake ulipompitia mguuni. Hospitali walimfunga bandeji ya mguu, kisha daktari akammulika macho. Alimwambia kwamba angekuja wakati shingo ilipoanza kugeuka, jicho lisingepotea lote.

Refa ameshamwomba radhi. Amepiga magoti nyumbani kwa mama yao. Dawa ya matone ya jicho lililobaki huinunua yeye, na mdogo wake huipokea. Anachokataa ni kuitwa tena mdogo wake.

"Alinifukuza mbele za watu," fundi anasema. "Na anisafishe mbele za watu. Sijaomba kingine."

Refa anajua sharti hilo. Kinachomkaba ni chumba. "Nikikiri hukumu moja, wote niliowatoa watarudi na kesi zao. Nani atauheshimu tena mpini huu? Na chumba kikifa, matone ya jicho yatatoka wapi?" Ni hoja nzuri. Anaitoa haraka mno, kama mtu aliyeizoea.

Hata hivyo anaapa kwamba Jumamosi atasema. Jumamosi inafika, benchi zimejaa, wengine wameegemea ukuta. Katikati ya mechi Refa anazima televisheni. Makelele yanalipuka. Anasimama mbele ya kioo cheusi, anafungua mdomo, anatazama nyuso zote zile.

"Waya umelegea," anasema, na kuiwasha tena.

Baadaye, nje, anamshika mkono mwandishi wa makala haya. "Andika wewe. Andika kwamba mdogo wangu hakuchungulia, kwamba refa ndiye aliyekosea. Nitaibandika mlangoni. Kila anayeingia ataisoma, na mdogo wangu ataelewa. Atarudi, nitamtengea robo ya juu, pale anapopapenda." Anatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo, ametua mzigo.

Basi iandikwe: fundi cherehani hakuchungulia.

Alipopelekewa habari ya mpango huo, fundi aliendelea kukanyaga cherehani hadi mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno.

"Mwambie nimeshukuru," alisema. "Lakini aliyenifukuza si gazeti."