Mguu wa Fundi

Fundi wetu wa nguo hashoni mshono mrefu. Anakanyaga cherehani kidogo, anasimamisha mguu, anatega sikio mkekani alipokaa bintiye wa miaka sita, kisha anakanyaga tena. Wateja wageni hudhani mashine ni mbovu. Mtoto ana ugonjwa adimu wa vinasaba. Hasemi, husokota vidole mchana kutwa, na pumzi humkatika bila taarifa.

Jana fundi alikuwa amenizungushia futi kiunoni, pini mdomoni, akinitania unene wangu, mara akageukia mkekani. Mtoto alikuwa ametoa macho, midomo inabadilika rangi. Daktari alishakataza kumtikisa. Fundi hakuiachia futi, aliikaza tu, akawa anahesabu kwa sauti ya chini, pini zikimtetemeka mdomoni: "Thelathini na nane... thelathini na tisa... Rudi, mama. Rudi basi." Kwenye hamsini na mbili mtoto alivuta hewa kwa kishindo, akarudia vidole vyake. Fundi alitema pini kiganjani, akaitazama futi, akatikisa kichwa.

"Na wewe pumua, dada," akaniambia. "Nikikupima umebana tumbo hivyo, gauni litakupasukia."