Pikapu Iliyolalia Migombani

Aibu hii niliificha sana, lakini shemeji yangu Bahati ameisimulia mpaka kwenye matanga (akikosa la kuchekesha watu ananitoa mimi), basi bora muisikie kwangu mwenyewe, maana yeye anaongeza chumvi.

Nilikuwa nanunua maharagwe na mahindi kwa wakulima wenzangu wa Juru, kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wengi wao watu wa kwetu Kivu ya Kusini, napeleka kuuza Mbarara. Pikapu yangu, dereva Bahati. Mvua ikinyesha barabara inachimbika, tumbo la gari linakwaruza udongo, kwa hiyo tukaipeleka kwa fundi wa Nyamitanga anayeitwa Kato aiinue. Akaiinua vizuri, ila mimi nilikuwa nimekwenda sokoni, na niliporudi nikakuta pembeni kuna pikapu nyingine ya aina ileile, springi zake zote zimefunguliwa ziko chini, na Kato anafuta mikono haraka haraka. Hiyo haraka sikuipenda.

Asubuhi yake, nyumbani, nikasimama nyuma ya gari nikaona limelalia kushoto. Nikachukua kamba nikapima kutoka chini mpaka kwenye bodi, pande zote mbili, na kweli kushoto kulikuwa chini kwa vidole vitatu. Moyo ukaniambia palepale: huyu mtu amechomoa chuma kimoja kwenye springi yangu akamwekea yule mwingine. Bahati akasema turudi tumwulize. Nikamwuliza, mwizi anarudishiwa mali aongeze? Nikamwambia aingie uvunguni na spana, akaze ile bolti ya mbele inayopandisha upande wa kushoto mpaka kamba ilingane. Ikalingana, nikajisifu siku nzima.

Jumamosi tukabeba akina mama wa kwaya pamoja na mzee Ezekieli wa kanisa letu, tukaenda kwenye harusi Mbarara. Watu wako kwenye sementi mbele ya kanisa wanajipanga kwa picha, mpiga picha akaja kuniomba niondoe gari langu pale nyuma, eti kwenye picha linaonekana linamwangukia bibi harusi. Nikatazama. Limelalia kulia! Kumbe na upande wa pili ameiba (hivyo ndivyo nilivyowaza, Mungu anisamehe), na harusi ilipoisha nikamwambia Bahati apite Nyamitanga na watu wote walewale, wameshiba, wanaimba.

Gereji nikamkuta Kato na mteja mmoja, mwanamume wa Kabingo anayesafirisha maziwa. Sikusalimia.

“Kato, nirudishie vyuma vyangu ulivyoniibia.”

Kwaya wakainuka nyuma ya gari wasikie. Kato akaweka spana chini, akaniita bibi kwa lugha ya kwao, Kiswahili chenyewe cha kuokoteza. “Nyabo, wewe nasema mimi mwizi, mbele ya watu?”

Yule wa maziwa hakusubiri jibu, alichukua ufunguo wake akaondoka. Kato akamwomba mzee Ezekieli ainame amhesabie vyuma vya springi, kushoto na kulia, na vilikuwa sawa, vyote na kutu yake ileile ya zamani. Kisha akauliza nani amegusa bolti ya mbele. Bahati akatazama bati la gereji. Kato akailegeza, akapima kwenye sementi yake, gari likawa sawasawa.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikasema hiyo sementi ni yake, anajua mwenyewe alivyoimwaga, aje apime fasi ya kwangu, pale uani ninapoliegesha. Akafunga gereji, akapanda nyuma na kwaya.

Jua lilikuwa bado liko juu tulipofika Juru, na majirani wengi wakaja. Tukapima: kushoto chini. Nikapiga makofi. Halafu nikaona wale walio ng'ambo ya ua hawaoni vizuri, nikamwambia Bahati aligeuze gari lielekee kwao, kila mtu ashuhudie. Akaligeuza. Nikainama na kamba yangu, nikapima, nikapima tena. Sasa kulia ndiko kuko chini. Gari limelala upande uleule wa migomba iliyo pembeni ya ua, liwe limetazama huku au kule.

“Mama Neema,” mzee Ezekieli akasema taratibu, “ni kiwanja chako kimeinama.”

Mama wa kwaya walicheka mpaka mmoja akakaa chini na nguo zake za harusi. Kato hakucheka. Magari ya kurudi Mbarara yalikuwa yamekwisha, akalala kwa Bahati, kwangu alikataa hata maji.

Siku ya soko nikaenda gereji kumwomba radhi mbele ya wateja. Akaniambia msamaha ameupokea, lakini yule wa maziwa hajarudi, na anazunguka akiwaambia wenzake kwamba fundi huyu ni mwizi. Basi nikashuka mpaka Kabingo, nikamtafuta, nikamweleza yote, kamba, bolti, migomba, sikujihurumia hata kidogo. Alinisikiliza huku anafunga madumu yake.

“Na mimi nitajuaje kama Kato si ndiye amekutuma?” akauliza.

Yale macho aliyonitazama nayo niliyajua, nilikuwa nayo mimi siku ile gereji. Nilirudi kwake mara nyingi kabla hajakubali kupeleka tena gari lake kwa Kato, na njiani kila mara nilijiapia jambo moja: mtu simwiti mwizi tena kabla sijamwuliza, tena nimwulize tukiwa wawili tu, bila kwaya.