Wimbo Waliomtungia Mwanangu

Miaka ile nilipanga chumba nyuma ya stesheni, Mpanda, kwenye nyumba iliyojaa wanamuziki wa kienyeji. Kulikuwa na wapiga ngoma, mpiga malimba, na ukuta kwa ukuta na mimi, mpiga zeze. Mimi nilikuwa muuza maandazi, msikilizaji wa lazima. Masika ngozi za ngoma zikilegea, zililetwa jikoni kwangu ziote moto, na karai langu la mafuta linasubiri zamu. Nilikuwa nagomba, wao wanacheka na kunimalizia maandazi.

Siri haikukaa kwenye ua ule. Ukigombana na mumeo asubuhi, jioni unajisikia ndani ya wimbo. Mpiga zeze ndiye aliyezidi, maana alikuwa anatunga hata akiwa anaosha miguu. Tulimzoea, na wengine tulimchokoza makusudi atutungie.

Kisha malaria ikamchukua mwanangu wa pekee, hajaanza hata shule. Ua mzima ulinyamaza mpaka matanga yakaisha. Ndipo mpiga zeze akanikalisha kwenye kigoda mlangoni kwake, akaniimbia wimbo wa mtoto wangu, jina lake likiwa kwenye kiitikio. Nililia, nikamshukuru kwa moyo wote.

Shida ni kwamba wimbo ulikuwa mtamu mno. Watu wakaanza kuuomba kwenye harusi, ngoma zikaongezwa, mwendo ukapanda, wakawa wanaukatikia viuno. Vijana wa bodaboda wakaurekodi kwenye simu. Nimeinama nakanda unga, pikipiki inapita barabarani na jina la mwanangu. Nilichoka. Nilichoka mpaka nikawa sijibu salamu.

Siku moja nikamfuata mpiga zeze.

"Kaka, wimbo imba tu, sikukatazi. Ila jina la mtoto litoe. Niachie mwenyewe."

Akaliweka zeze chini.

"Mama, watu ndo wanachokitaka hicho. Lakini nyie ndo wenye mtoto. Nitalitoa."

Na kweli alilitoa. Mavuno ya mpunga yalipofika, kikundi kilialikwa Usevya, nami nikaenda nao na ndoo yangu ya maandazi. Jua lilikuwa kali, uwanja umejaa. Wimbo ule ukaombwa, kama kawaida. Walipofika kwenye kiitikio, mpiga zeze akafunga mdomo, akauacha uzi ulie peke yake. Alinitafuta kwa macho ili nione kwamba hakusahau.

Umati ukamjazia. Wakaliita jina la mwanangu kwa sauti moja, wanacheka, mikono juu, vumbi mpaka magotini, watu ambao hawakumwona hata siku moja. Walimaliza, wakaliita tena kwa nguvu zaidi, kama anayeitwa yuko mbali kidogo.

Nikageuka kuangalia anatokea upande gani.